Hina ya Nyuma ya Nyumba

Poznań, 12 Februari 2023

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Wazima nyote? Mguu ule aliokukanyaga fahali unaendeleaje, na dada Kadra bado anakununia kwa sababu ya kumsema mbele ya wageni? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Poland haina adabu. Inaingia mpaka ndani ya glavu.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu chuoni ni nini hasa, nami nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa nashuka kwenye tramu. Najua simu huiamini sana, kwa hiyo nakueleza kwa barua. Naituma kwa barua pepe, Kadra ataichapisha pale cyber kwa Abdulsalam, uisome ukiwa umekaa.

Nina mwanga wa leza, mwembamba kama uzi wa kushonea. Naupitisha kwenye lenzi ili ukusanyike mahali pamoja na kuwa mkali. Kisha naweka kichupa cha kioo chenye maji ya rangi kwenye njia yake, nakisogeza mbele na nyuma polepole. Upande wa pili kuna kitundu, na nyuma ya kitundu kuna chombo kinachopima mwanga uliofika. Vitu vingi havijali mwanga uwe mkali au hafifu, vinaupitisha vilevile. Lakini viko vichache ambavyo mwanga ukizidi ukali vinabadilika tabia. Vinaupinda, vinautawanya, na kwenye kitundu panafika kidogo tu. Vitu hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Mafundi wanaofanya kazi na leza wanaweza kupofuka kwa kufumba na kufumbua, na kitu cha namna hiyo kikiwekwa kwenye miwani kitawakinga.

Rangi za dukani zilinichosha, hakuna iliyonipa cha maana. Mwezi uliopita nikachukua majani ya hina aliyonifungia Kadra, nikayaloweka kwenye spiriti, nikayachuja, nikayaweka kwenye kichupa. Baba, mstari kwenye kompyuta ulipanda mlima ukashuka bondeni! Profesa wangu, mama mmoja ambaye huwa hainuki kitini kwa lolote, aliinuka. Akaniambia nirudie. Nikarudia, ukaja vilevile.

Yaani hina ya nyuma ya nyumba yetu, ile inayokojolewa na mbuzi, inazuia mwanga mkali usiharibu jicho. Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka watu kwenye tramu wakanihama.

Mwambie Kadra anitumie majani zaidi. Nisalimie wote.

Binti yako,
Darmi


Garsen, 20 Machi 2023

Kwa binti yangu Darmi, daktari wa mwanga,

Waalaikum salaam warahmatullah. Sisi wazima. Mguu umepona, Kadra hajapona. Mvua bado, ng'ombe waliobaki baada ya ule ukame wanasimama, na anayesimama siku hizi tunamhesabu mnene.

Barua yako nimeisoma pale kwa Abdulsalam, kwa sauti, watu wakinywa chai. Mmoja akauliza kama huko Ulaya wanakusomesha kupaka maharusi hina. Nikamwambia anyamaze amalize mahamri yake. Wengine walisikiliza vizuri. Nilipofika pale pa hina kuzuia jicho lisiharibike nilisoma tena, kisha nikakunja karatasi nikaitia mfukoni. Sikutaka waone uso wangu.

Ndugu yako Suleiman amekata majani ameyaanika. Kadra anasema mti umebaki uchi, atajipaka nini Idi ikija. Nimemwambia kuna watu wenye shida kubwa kuliko kucha zake.

Nikuombe kitu. Barua nyingine uandike kwa herufi kubwa. Si kwamba nimezeeka. Macho yangu yameanza ubishi. Mbele naona sawa, lakini pembeni pamejifunga, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Juzi nilimgonga ndama wangu mwenyewe, amesimama tu pale kando, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtambua ng'ombe wa mwenzangu akiwa ng'ambo ya mto. Suleiman alicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuogopa, kwa sababu barua yako ilikuwa imeshafika.

Nimewaambia watu wote: dawa ya macho inatoka nyumbani kwangu, na anayeipika ni binti yangu.

Baba yako,
Mahadi


Poznań, 9 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Ramadhani njema, Mungu azipokee saumu zenu. Mimi mzima wa mwili, lakini barua yako imeninyima raha.

HERUFI HIZI NI KUBWA KIASI CHA KUTOSHA? Mwambie Kadra aniambie.

Baba, nenda Malindi ukaonwe na daktari wa macho. Usingoje Idi. Pembeni kujifunga si uzee na si ubishi, kuna ugonjwa unaoanza hivyohivyo na haumi. Suleiman akupeleke. Nimeshaongea naye.

Na kuhusu kazi yangu, nadhani sikukueleza vizuri. Si dawa. Huipaki, huinywi. Ni kitu cha kuweka kwenye miwani ya mtu mzima wa macho ili asiumie. Bado ni kipimo tu mezani, hata miwani yenyewe hatujaitengeneza.

Lakini nimefurahi sana kwamba ulisoma barua yangu mbele ya watu. Nilijiona nimekaa hapo katikati yenu. Na huwezi kujua, inshallah siku moja kazi hii itawafaa watu wengi macho yao, na wewe ukiwemo. Majani yamefika na yananukia chumba kizima. Tunaandika makala sasa, jina langu litakuwa la kwanza.

Nenda Malindi, nakuomba.

Binti yako,
Darmi


Garsen, 30 Agosti 2023

Kwa Darmi wangu,

Salaam aleikum. Unasemaje hali? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Herufi zilitosha, ingawa ulivyonipigia kelele mwanzoni nilidhani nimekosa.

Malindi nilikwenda, usije ukasema sikukusikia. Daktari ni kijana, mpole. Alinishika kidevu akanimulika. Akasema ni presha ya macho. Mimi nilijua presha ni ya damu, kumbe na jicho lina yake. Amenipa dawa ya matone, asubuhi na jioni, kila siku mpaka nife.

Nikamuuliza: haya matone yatanirudishia nilichopoteza? Akasema hapana, yatalinda kilichobaki. Nikamuuliza nikimaliza chupa hii nitakuwa nimepona? Akasema hapana, utaanza nyingine. Sasa Darmi, hiyo ni dawa gani? Miaka yote niliyochanja mifugo ya watu sijaona ng'ombe anayedungwa maisha yake yote. Akidungwa anapona au anakufa, na mwenyewe anajua la kufanya. Halafu yanawasha. Nikiyatia nashinda machozi yananitoka, watu wananiuliza nimefiwa na nani.

Kwa hiyo nimeyapunguza. Siku nyingine natia, siku nyingine napumzika. Nimeamua ningoje yako. Najua ulisema ni ya miwani. Nimeelewa, mimi si mtoto. Lakini pia ulisema itawafaa watu, na mimi nikiwemo. Hilo nalo nimelisoma kwa macho haya haya. Kijana wa Malindi hanijui. Wewe ni damu yangu, na majani ni ya kwangu.

Usiharakishe kuja. Maliza kazi, uje nayo.

Baba yako,
Mahadi


Poznań, 17 Januari 2024

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Poleni na mafuriko. Niliona picha za barabara imekatwa na maji, nikawa napiga simu kila siku hazipatikani. Alhamdulillahi Suleiman aliniambia nyumba imesimama. Je, afya yako? Nakuuliza kweli, usinijibu kwa mzaha. Kadra anasema chupa ya matone iko pale pale kwenye dirisha, haipungui. Kwa nini, Baba? Nilikuandikia Septemba, nikakuandikia Oktoba, kote nimekusihi utie matone, na hukunijibu hata neno.

Nina habari mbaya, na sina mtu wa kumwambia huku bila kujikaza. Kwako sitajikaza.

Makala yetu ilirudi. Mmoja wa waliopewa kuikagua aliuliza swali moja: mmejuaje kwamba si joto? Nilikasirika. Kisha nikashindwa kulala.

Iko hivi. Leza yangu haimwagi mwanga mfululizo, inapiga mapigo, mbio sana. Kila pigo linaacha joto kidogo ndani ya hina, na kabla halijapoa linakuja jingine, na jingine. Pale katikati panapata moto kuliko kando. Na kitu chenye moto usio sawa hupinda mwanga. Umeona mchana wa jua kali barabara ya Minjila inavyometameta mbele kama ina maji, ukifika hakuna? Ndicho hicho. Nilikuwa napima maji ya barabara ya Minjila.

Nikaweka gurudumu lenye nafasi mbele ya leza, linazunguka, linaruhusu mapigo machache tu ili hina ipate muda wa kupoa. Mstari ukalala. Hakuna mlima, hakuna bonde. Nikarudia siku nzima, nikabadilisha kichupa, nikaloweka majani upya. Umelala tu, Baba. Hina yenyewe haikufanya lolote. Joto ndilo lililofanya kazi yote.

Tumeiondoa makala. Profesa hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Amesema mambo haya huwapata wengi. Lakini mimi niliwaambia watu. Nilikuambia wewe. Nimebakiwa na mwaka mmoja na sina kitu mkononi. Ninalia kwenye choo cha maabara, naosha uso, natoka, naendelea kupima.

Tia matone. Tafadhali usingoje chochote kutoka kwangu.

Binti yako,
Darmi


Garsen, 2 Machi 2024

Kwa binti yangu mpendwa Darmi,

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, na leo nasema hivyo bila mzaha.

Barua zako za Septemba na Oktoba zilifika. Zote zilikuwa matone tu, sikuwa na la kujibu. Hii ya sasa ilichelewa kwa sababu cyber ilikuwa imeingia maji. Nimeisoma polepole, mstari mmoja kisha napumzisha macho. Kadra alitaka anisomee, nikamkatalia. Barua ya mwanangu naisoma mwenyewe. Na nilipoimaliza nilijiuliza, huyu mtoto analia nini?

Ulikuwa unatafuta kitu kinachofanya kazi. Umekipata. Ulidhani ni jani, kumbe ni moto. Basi tatizo liko wapi? Umeandika mwenyewe, joto ndilo lililofanya kazi yote. Nilipiga paja nikasema, sasa wasomi na sisi tumekutana. Nilipokuwa mtoto wengu ulinivimba, babu yako akanichoma kwa chuma, kovu unalijua, mlikuwa mkilichezea mkiwa wadogo. Nikapona. Ng'ombe wangapi nimewachoma mimi mwenyewe bega likivimba, wakasimama wakala? Nilikuwa nimeacha kuamini mambo hayo kwa sababu ya kukaa na madaktari wa mifugo na sindano zao. Wewe umenirudisha.

Kwa hiyo nilikwenda Nanighi. Kule kuna mzee anayejulikana kwa kuchoma, watu wanatoka mpaka Bura kumfuata. Suleiman nilimwambia naenda kuangalia ng'ombe. Mzee alinilaza, akatia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akanigusa hapa kwenye panja, karibu na macho, kulia na kushoto. Sikupiga kelele. Alisema niache matone yote kwa sababu yatapoza kazi yake, nami chupa nimeitupa.

Na Darmi, siku zile za kwanza baada ya kuchomwa niliona! Nilihesabu waya za uzio nikiwa nimekaa mlangoni. Nilimwona kuku pembeni kabla hajapita mbele yangu. Kadra anasema ninakisia kwa sauti ya kuku. Kadra ana wivu wa kusoma.

Vidonda vinatoa maji kidogo, vitakauka. Wewe futa machozi, rudi kwa Profesa wako, mwambie kwamba baba yako amejaribu na imefaa.

Baba yako anayejivunia,
Mahadi


Poznań, 5 Machi 2024

Baba, hapana. Hapana, hapana.

Nisamehe, sijakusalimu. Assalamu alaikum. Barua yako imenifikia sasa hivi, na nimempigia Suleiman kabla sijaanza kuandika. Atakuja kukuchukua. Usibishane naye. Vidonda vinavyotoa maji karibu na macho vinaweza kukuua.

Joto halikuwa jibu. Joto lilikuwa kosa. Lilikuwa kama mtu anayekanyaga mizani unapopima mbuzi, ukadhani umepata mbuzi mnene. Nilipomwondoa huyo mtu nikakuta mbuzi hana kilo. Nilikuandikia kwa maneno ya kazini kana kwamba umekaa meza ya pili kutoka yangu. Nilikuwa nalia, nikaandika kama ninayelia, sikufikiri nani atasoma. Joto halitibu jicho. Hakuna mahali popote, katika kitu chochote nilichowahi kupima, joto limeponya jicho la mtu.

Ulichokiona siku zile za kwanza ulikitamani, Baba. Hata mimi niliona mlima kwenye kompyuta kwa mwaka mzima.

Nenda hospitali. Anza matone tena leo. Naomba ruhusa chuoni nije.

Darmi wako


Garsen, 19 Septemba 2024

Kwa binti yangu Darmi,

Salaam nyingi. Mkono ni wa dada yako Kadra, maneno ni yangu, na nimemwonya asiongeze lake.

Najua tumekaa kimya muda mrefu na umekuwa ukisikia habari zangu kwa Suleiman. Ilikuwa hivi. Vidonda viliingia uchafu, uso ukavimba mpaka macho yakafungwa. Nililazwa. Sindano nyingi. Nilipotoka uvimbe umeisha, vidonda vimekauka, lakini macho yamebaki na ukungu. Mchana najua ni mchana. Mtu akisimama mlangoni najua kuna mtu. Tulirudi Malindi kwa yule kijana, akanimulika muda mrefu sana, kisha akamwita Suleiman nje. Waliporudi Suleiman hakuongea njia nzima. Nadhani waligombana.

Mimi ninaamini ni uchovu wa homa. Ng'ombe akitoka kwenye ugonjwa mkubwa haoni vizuri mwezi, miwili, kisha anarudi. Nimeyaanza matone, natia bila kukosa, na sasa hayawashi hata kidogo. Nadhani ni dalili nzuri.

Ulisema utakuja mwezi wa sita, nikamwambia Suleiman akuzuie. Usinichukie. Na sasa nakuambia mwenyewe, usije kabla sijapona. Nataka siku utakaposhuka kwenye gari nikuone kabla wewe hujaniona mimi. Nikuone ukitafuta tafuta, nikuache utafute kidogo, ndipo nikuite. Nimeipanga siku hiyo vizuri sana kichwani, nakuomba usiniharibie.

Masomo yanaendaje? Umepata kitu kingine badala ya hina?

Baba yako,
Mahadi


Poznań, 3 Novemba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai umeamka salama na umekunywa chai, na umekaa mahali pazuri. Kama hujakaa, kaa. Mimi mzima.

Dada Kadra, nakuomba soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari, usilainishe neno, hata akikuambia uache. Mkimaliza kusoma, ndipo mnilaumu.

Baba, Suleiman hakugombana na daktari. Daktari alimwambia jambo, na Suleiman hakuweza kukuambia. Kadra naye hakuweza. Wamekaa nalo tangu siku ile, na wiki iliyopita Suleiman alinipigia akasema, wewe ndiye unayejua mambo ya mwanga, mwambie wewe. Nilimkasirikia sana. Kisha nikaona ni haki yangu kulibeba.

Sitatumia mfano wowote, kwa sababu mifano yangu imetuponza. Macho yako hayatarudi. Mshipa unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo umekufa, wa jicho la kulia na wa kushoto. Ukifa haufufuki. Hakuna matone, hakuna upasuaji, hakuna hospitali ya Nairobi wala ya huku Poland inayoufufua. Nimeuliza. Nimekwenda mwenyewe kwa madaktari wa macho wa hapa na makaratasi yako, wakaniambia vilevile. Matone hayawashi tena kwa sababu umeyazoea, si kwa sababu unapona. Huo mwangaza unaoujua mchana nao utapungua. Moto wa Nanighi haukuyamaliza macho yako, Baba, ulikutia homa tu. Kilichoyamaliza ni miezi uliyoacha matone ukiningoja mimi.

Nina hasira na wewe. Nilikuambia si dawa, nikakuambia, na wewe ukachagua mstari mmoja mtamu ukaushika. Lakini mstari ule niliuandika mimi. Niliuandika kwa sababu ulijivunia mbele ya watu na sikutaka kukushusha. Na ule mwingine wa joto pia ni wangu. Kazi yangu yote ni kuhakikisha ninachosema kina maana moja tu, na kwako nilishindwa.

Umeuliza kuhusu masomo. Nimemaliza. Tasnifu yangu inaeleza jinsi ya kutambua joto linapojifanya jambo jingine kwenye vipimo vya leza, ili wanaokuja wasikosee nilivyokosea. Watahini wameisifu, na wengine wameshaanza kuitumia. Siwezi kuifungua. Nikiona neno joto limechapishwa nasikia harufu ya ngozi.

Nimepata likizo Desemba. Hutaniona nikishuka kwenye gari. Nimelia kulifikia neno hilo na nimeliandika hata hivyo. Nataka kuja. Nataka kukaa karibu yako, nikupikie, unitukane chai ikipoa. Niruhusu, Baba.

Binti yako,
Darmi


Garsen, 28 Novemba 2024

Kwa Darmi,

Waalaikum salaam. Nyumbani wote wazima wa mwili.

Kadra alisoma. Alipofika pale penyewe alikunja karatasi, nikamwambia endelea, akaendelea. Hakuruka. Nilimjua kwa pumzi. Nikamwambia arudie toka mwanzo, akarudia, kisha nikamwambia aniache. Siku hizi tatu nne sijatoka uani. Abdulsalam alikuja kuniamkia, nilimwambia nimelala nikiwa nimekaa.

Umeniambia bila kupinda, na najua imekugharimu. Nilikusomesha ili uwe mtu wa namna hiyo. Siku nyingine ningekushukuru. Leo siwezi, na sitaki kukudanganya kwamba naweza. Suleiman ameniomba msamaha, sijamjibu yeye pia.

Kuhusu hasira yako, uko nayo sawasawa. Mimi sina hasira. Ningekuwa nayo ningekuwa na cha kufanya mchana kutwa. Kuna giza tu, na ndani ya giza kuna Kadra anayegonga sufuria.

Usije Desemba.

Nitakuambia kwa nini, na nimemwambia Kadra aandike hata kama inamuuma. Ng'ombe wangu wameanza kunipotea. Si zizini, kichwani. Yule mweusi mwenye baka, nikijaribu kumwona, baka linahama. Mara liko shingoni, mara mgongoni, na sina mahali pa kwenda kuhakikisha. Uso wa marehemu mama yako ulikwenda wiki iliyopita. Nimebaki na mkono wake na kitambaa, uso haupo. Nimeutafuta sana.

Lakini uso wako bado ninao. Siku ile ya kuondoka, stendi, ulivaa viatu vya Suleiman kwa sababu vyako vilikatika asubuhi ile. Ulikuwa unakula ndizi na kulia kwa pamoja, na ulikataa kuniangalia, ukawa unatazama magurudumu ya basi. Kisha ukaniangalia. Hapo ndipo ninapokuona, wazi kabisa, mpaka kipande cha ndizi shavuni.

Ukija utakuwa mtu mzima. Sauti yako kwenye simu imeshabadilika, inasema kama mwalimu. Nitakugusa uso nitapata mwanamke nisiyemjua, na huyu wa stendi ataondoka kama mama yako. Kwa hiyo niache naye kwanza. Sijui muda gani. Hatakaa sana, wenzake hawakukaa.

Nikimpoteza na yeye nitakuita, uje.

Baba yako,
Mahadi